Watu au Panya

Kabla ya utafiti wowote kusomwa katika chumba kile, lilikuwapo swali moja ambalo lazima liulizwe, na mwenye haki ya kuliuliza alikuwa Dereva. Alikuwa akinyoosha miguu yake mirefu, akisubiri kila mtu apate karatasi zake, kisha anauliza kwa sauti ya mtu anayeita abiria wa mwisho:

"Watu au panya?"

Hapo msomaji alitakiwa atafute jibu kabla ya kusoma sentensi nyingine yoyote. Kama ni watu, walikuwa akina nani, wa umri gani, na matumbo yao yalikatwa kwa namna gani. Kama ni panya, karatasi zilirudi mfukoni na chai ikamiminwa mapema.

Swali hilo halikuzuka hivihivi. Kikundi kilipokuwa bado kichanga, Dereva mwenyewe alileta makala aliyoitoa kwenye mtandao, imejaa picha za mifupa na maneno ya matumaini. Ilisema unga wa maganda ya mayai unarudisha mfupa uliopungua. Kila mmoja mle ndani alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na kila mmoja alikuwa ameshaambiwa na daktari, kwa haraka haraka huku mgonjwa mwingine akigonga mlango, kwamba uzito ukishuka na mifupa nayo hupungua. Basi wakasaga maganda. Wakanyunyiza kwenye mtindi, wakanyunyiza kwenye supu, wakatafuna kama wanaokula mchanga wa ufukweni. Ni Mhasibu, mama mmoja mkimya anayependa yale maandishi madogo ya chini ya kurasa, aliyekuja siku moja akaweka kidole kwenye mstari wa katikati na kusema, kwa upole kabisa, kwamba wagonjwa wote waliopona katika utafiti ule walikuwa na mikia.

"Siku zote zile," akasema Fundi, mama mwingine wa kikundi, "nimekula takataka za jikoni kwa ushauri wa panya."

Walicheka mpaka Dereva akajifuta machozi kwa kofia. Lakini tangu siku hiyo wakawekeana sheria: hakuna kufuata neno la utafiti mpaka usomwe wote, kwa sauti, mbele ya watu, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa makala zenyewe zilikuwa za Kiingereza kigumu, Fundi alimleta binti yake aliyesoma chuo, awe anasoma na kufasiri papo hapo.

Binti alikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo, na sauti yake ililingana na kazi yake. Mara ya kwanza aliposoma, Dereva alimwomba arudie kila sentensi, mpaka Fundi akamwambia amwache mtoto apumue. Baadaye walizoea. Walivuta viti karibu. Chumba kilikuwa cha mazoezi ya viungo cha zahanati, na Muuguzi aliyekifungua kila Jumamosi ya kikundi alisukuma ile mipira mikubwa kwenye kona ili wapate nafasi. Mzani uliokuwa ukutani Mhasibu aliufunika kwa sweta lake, kila mara, bila kumwambia mtu. Binti aliketi kati ya mama yake na dirisha, akasoma kwa kidole, na alipenda saa ile kuliko alivyoweza kusema. Watu waliokuwa wakiambiwa maisha yao yote wafumbe mdomo, sasa walikuwa wanauliza maswali.

Mama yake ndiye aliyekuwa na maswali mengi.

Fundi alishona mapazia. Alikuwa ameshona mapazia tangu kabla ya kuolewa, akaendelea alipokuwa mjane, na mtaa mzima uliotazama nje kupitia vitambaa vyake ulimjua kwa jina hilo moja tu. Lakini kwa miaka mingi alishona asiyatundike. Mwili ulikuwa umemzidi. Alipima dirisha kwa macho akiwa amekaa, akakata jora la kitambaa mezani akiwa amekaa, akashona amekaa, na kazi ilipokwisha akampa mtu mwingine akapande ngazi. Yeye alisimama chini, anahema, anaelekeza kwa kidole: vuta kushoto, shusha kidogo, hapana, sasa umezidisha.

Ni binti aliyemwambia akafanyiwe upasuaji. Alisema mara moja tu, jikoni, akiwa amegeukia sinki, maana kumtazama usoni asingeweza. "Mama, sukari yako inapanda. Magoti yako yanalia. Fanya tu." Kisha akakaa nje ya chumba cha upasuaji siku nzima na mkoba wa mama mapajani, akijiambia kwamba likitokea lolote, ni mdomo wake ulioliita.

Halikutokea lolote. Mama alipona, akapungua, akapungua tena, mpaka siku moja binti alirudi kutoka kazini akamkuta ndani ya chumba cha kushonea, juu ya ngazi, kichwa karibu na dari, anapachika kulabu kwenye reli ya pazia mdomo wake ukiwa umejaa kulabu nyingine. Hakusema kitu kwa sababu ya zile kulabu. Alitikisa tu kidole gumba cha mguu, ndani ya soksi, kama mtu anayesalimia kwa mguu. Tangu hapo hakuna aliyemtundikia mapazia tena. Alibeba majora yake begani, akapanda mwenyewe, na aliposhuka alisimama chini ya kazi yake akaitazama muda mrefu, bila kuelekeza mtu.

Makala ile binti aliikuta maktabani, mchana, wakati wa chakula. Hakuwa ameitafuta. Mhadhiri mmoja aliiomba itolewe nakala, na jicho la binti likanasa maneno mawili kwenye kichwa chake: mifupa, na upasuaji. Akatoa nakala mbili. Muhtasari wa juu ulikuwa umejaa vifupisho na asilimia zilizobanana kama watu kwenye lifti, akaupita. Akaanza na utangulizi.

Utangulizi ulikuwa na maneno ya kawaida, na hilo ndilo lililomtisha. Ulisema baada ya upasuaji wa namna hii mfupa wa nyonga hupungua, na huendelea kupungua hata uzito ukishatulia. Ulisema wanawake waliokwisha koma hedhi wamo hatarini zaidi. Ulitaja tafiti za nyuma zilizohesabu waliovunjika vifundo vya mikono, waliovunjika nyonga. Binti alifika kwenye neno nyonga la pili, akakisukuma kando chakula chake. Mbele ya macho yake aliona soksi, kipandio cha juu cha ngazi, na sakafu ya saruji.

Akakunja karatasi. Ukurasa wa pili hakuufungua.

Jioni ile alimkuta mama yuko juu, kama alivyojua atamkuta.

"Mama, shuka."

"Namalizia hili pindo."

"Mama, tafadhali shuka kwanza."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake. Fundi akatoa kulabu mdomoni, akashuka taratibu, akasimama mbele yake. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Nimesoma utafiti leo. Mifupa yako, mama... baada ya kukatwa tumbo, mifupa inakuwa myepesi. Ya nyonga. Watu wanavunjika. Ukianguka kutoka hapo..."

Fundi akageuka akaitazama ngazi. "Ni watu au panya?"

"Watu, mama. Watu wazima. Wanawake kama wewe."

"Na wanasema nisipande ngazi?"

Binti aliinamisha kichwa. Makala haikusema hivyo. Makala, pale alipofika, haikusema chochote kuhusu la kufanya. "Wanasema inavunjika," akajibu.

Fundi alichukua zile kulabu kutoka kiganjani, akazirudisha kwenye kopo lake moja moja. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Hakusema kwa kejeli. Kesho yake asubuhi ngazi ilikuwa nje, imeegemezwa ukutani nyuma ya tangi la maji.

Binti alifikiri hofu ingemwisha. Badala yake ilizaa hofu nyingine. Kama ngazi ni hatari, basi jora la kitambaa nalo ni zito. Akaanza kuyahamisha yeye kabla ya kwenda kazini. Kama jora ni zito, ndoo ya maji je? Akaweka zulia la mpira bafuni, akaondoa kizingiti cha mbao mlangoni, akamwomba mama asiende sokoni kwa miguu barabara ikiwa imelowa. Fundi hakubisha hata kimoja. Na kutokubisha kwake, mtu aliyekuwa akibishana hata na redio, kulipaswa kumshtua binti mapema zaidi.

Kwa kutundika walimpata fundi mmoja wa kukodi, mtu mzima mwenye maneno mengi na mkono wa haraka. Mapazia yake yalikaa upande. Mama mmoja mteja alisema lake linamchungulia jirani. Fundi alikaa kwenye kiti chini, akanyoosha kidole: vuta kushoto, shusha kidogo. Yule bwana akajibu toka juu, "Kutoka huko chini unaona vibaya, bibi." Hakuwahi kuitwa bibi na mfanyakazi wake. Alirudi nyumbani akaketi kwenye kochi, akaweka mito kila upande.

"Umechoka, mama?"

"Sijafanya kitu cha kunichosha." Alikuwa anatazama mikono yake iliyolala mapajani. "Nilikuwa nakaa kwa sababu ya unene. Sasa nakaa kwa sababu ya wembamba. Yaani mwili huu nimeuhangaikia wee, kumbe ulikuwa unatafuta kiti tu."

Binti alicheka kidogo kwa sababu yalisemwa kama mzaha. Halafu akaenda chumbani kwake akakaa kitandani bila kuwasha taa.

Mkutano uliofuata wa kikundi, Mhasibu ndiye aliyekuwa na zamu ya kuleta makala. Hakuwa nayo. Mjukuu wake alikuwa ameugua, akasema, na kichwa hakikuwepo.

"Basi tunywe chai tu," Dereva akasema, "tusengenye wenye matumbo makubwa."

"Mwanangu anayo moja," akasema Fundi. "Ile ya mifupa."

Binti alihisi masikio yanawaka. "Haijapigwa nakala za kutosha."

"Tutachangia. Mbona ziko mbili, nimeziona kwenye droo yako nilipokuwa natafuta mkasi."

Fundi alizitoa kwenye mkoba wake, zimekunjwa vizuri, akazinyoosha kwa kiganja. Ikawa hakuna pa kukimbilia. Nakala moja alipewa Mhasibu, nyingine Binti.

"Watu au panya?" akauliza Dereva.

"Watu," akasema Binti, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa mle ndani, na hakuna aliyemwomba arudie.

Akasoma utangulizi. Aliufasiri wote bila kuruka neno, mfupa wa nyonga, vifundo vya mikono, wanawake waliokoma hedhi, na alisikia chumba kinatulia namna ile ile alivyotulia yeye siku ile maktabani. Dereva aliacha kuchezea kofia. Muuguzi, aliyekuwa anapanga vikombe, alisimama na kijiko mkononi. Mama yake peke yake ndiye aliyekaa kama mtu aliyeshasikia habari hizo na kuzizoea.

"Geuza," Mhasibu akasema.

Binti akageuza. Ukurasa wa pili ulieleza walivyofanya. Watafiti waliwachukua wagonjwa wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipewa vidonge vilevile vya kalsiamu na vitamini D, wote waliambiwa wale protini ya kutosha. Kundi la kwanza liliachwa liishi lilivyozoea. Kundi la pili...

Jicho lake lilikuwa limeshatangulia. Lilikuwa limeshafika chini ya aya, likaona, likarudi. Kwa maisha yake yote ya kusoma, jicho lake lilitangulia sauti yake kwa sentensi moja, na katika sentensi hiyo moja sasa mlikuwa na ngazi nyuma ya tangi, na mito ya kochi, na mikono ya mama iliyolala mapajani.

Angeweza kuruka. Mhasibu alisoma Kiingereza polepole na alikuwa bado anahangaika na juu ya ukurasa. Wengine walikuwa wanamtazama yeye mdomoni. Angeweza kusema kundi la pili lilifuatiliwa kwa mwaka, akaenda kwenye majedwali, akakohoa, akaomba maji. Angerekebisha mambo nyumbani, kidogo kidogo, leo jora moja, kesho kipandio kimoja, wala asingejua mtu.

"Gari limezima?" akauliza Dereva.

Binti aliweka kidole kwenye aya. "Kundi la pili," akasema, "walipewa mazoezi. Kunyanyua vyuma. Kupanda na kushuka kwenye kitu kama ngazi fupi. Kubeba mzigo. Mara kadhaa kwa wiki, mwaka mzima." Akasogeza kidole mstari wa chini. "Na kundi lililobaki kukaa ndilo lililopoteza mfupa mwingi zaidi. Waliobeba walipoteza pia, lakini kidogo. Hapa wanasema mfupa usipopewa kazi unajiona hauhitajiki."

Hilo la mwisho halikuandikwa hivyo. Liliandikwa kwa maneno marefu na baridi. Lakini ndivyo lilivyomtoka.

Kisha Fundi, bila kumgeukia: "Rudia hapo."

Akarudia. Mara hii akaongeza, macho yakiwa kwenye karatasi, "Mimi niliishia ukurasa wa kwanza. Siku ile. Sikuendelea. Ndiyo nikamwambia mama asipande."

Alingoja. Dereva alimtazama Fundi, Fundi akatazama dirisha. Mhasibu akavuta karatasi karibu na miwani yake, kama mtu aliyeamua kuwapa wenzake muda, akaanza kusoma yale maandishi madogo. Alisoma vibaya, lakini kwa bidii, na Binti akamsaidia neno hapa na neno pale. Watu waliopimwa hawakuwa wengi. Baadhi waliacha njiani. Mwaka mmoja si muda mrefu kwa mfupa. Na walikuwa na mwalimu wa mazoezi anayewasimamia.

"Hapo kwenye mwalimu nami niseme," akasema Muuguzi, akaweka kijiko chini. "Maana nawaona nyuso zenu, mtatoka hapa mkabebe magunia. Mfupa unataka kazi, sawa. Lakini kinachovunja mfupa ni kuanguka. Huu utafiti hausemi kitu kuhusu kupanda ngazi ya fundi na mdomo umejaa vyuma."

"Kulabu," akasema Fundi.

"Kulabu. Ukizimeza je?"

"Tumbo langu dogo, hazitaenea."

Dereva ndiye aliyecheka wa kwanza, na kicheko kikawapita wote kama kikombe. Hata Binti alitabasamu. Kisha wakabishana. Dereva alisema kazi ni kazi, yeye siku nzima anakaa kwenye usukani, basi mifupa yake imekwisha siku nyingi. Mhasibu alitaka kujua kama kubeba mjukuu kunahesabiwa kama chuma. Muuguzi alisema kunahesabiwa, ilimradi mjukuu hapigi mateke, na kwamba kila mmoja wao anayefikiria kuanza lolote aende kwanza akapimwe mfupa. Kipimo kile hakiumi. Unalala tu, mashine inapita juu.

"Na majibu yakija mabaya?" Fundi akauliza.

"Yatakuja ya kwako," akasema Muuguzi. "Si ya mtu wa kwenye karatasi."

Walitembea kurudi nyumbani. Barabara ilikuwa imelowa, na Binti, kwa mazoea, akanyoosha mkono amshike mama kiwiko. Akaurudisha. Wakapita duka la dawa, wakapita kituo cha mafuta, na kila nyumba waliyoipita yenye pazia lililokaa sawa ilikuwa ya mkono wake.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi? Kwa kusoma nusu?" Fundi aliruka kidimbwi kidogo, vizuri tu. "Mimi nimekula maganda ya mayai kwa kusoma robo."

"Ulinisikiliza kwa sababu nimesoma."

"Nani kakwambia?"

Binti akasimama. Mama yake alikwenda hatua chache mbele, kisha akageuka.

"Ungekuwa umeniambia kwa uso mkavu, ningebishana mpaka ukome," akasema Fundi. "Nilitazama uso wako, mwanangu. Ulikuwa ndio ule ule wa siku ile niliyotolewa chumba cha upasuaji. Nilifumbua macho, wa kwanza kumwona ni wewe, umekumbatia mkoba wangu kama mtu anayeulizwa maiti ni ya nani. Nikasema moyoni, huyu mtoto anadhani ameniua. Sasa nikakuona tena na uso huo, chini ya ngazi. Nikaona ngazi na iende zake."

"Mimi ndiye niliyekwambia ufanye upasuaji."

"Uliniambia ukiangalia sinki. Mimi ndiye niliyekwenda." Alimngoja afike. "Ulinipa ushauri, hukunipa mwili. Mwili ni wangu, na mifupa yake, ikiwa myepesi au mizito. Nilinyamaza nikidhani nakuhurumia. Kumbe tulikuwa tunahurumiana mpaka tukaketi wote wawili."

Waliendelea bega kwa bega mpaka nyumbani.

Kwenye kipimo walikwenda pamoja. Safari hii Binti hakukumbatia mkoba. Mama aliuacha nyumbani kwa makusudi. Majibu hayakuwa ya kushangilia wala ya kulilia. Uti wa mgongo ulikuwa mzuri. Nyonga ilikuwa imepungua, kwa kiasi ambacho daktari alikiita cha kuangaliwa. Binti alisoma ripoti yote pale pale kwenye benchi, mpaka sahihi ya chini, na alipoona neno asilolijua alirudi ndani akauliza, huku foleni ikimtazama. Daktari alisema vidonge viendelee, mazoezi yaanze kwa Muuguzi, kipimo kirudiwe baada ya muda. Kuhusu ngazi alikuna kidevu. Akauliza ni ndefu kiasi gani. Fundi akamwonyesha kwa mkono, akipunguza kidogo.

"Mama," akasema Binti.

Fundi akainua mkono hadi mahali pa kweli. Daktari akasema hiyo hapana. Fupi, yenye miguu minne mipana, mtu akiwa chini ameishika, na hakuna kupanda peke yake, hapo angeweza kukubali. Mama na binti wakatazamana kama watu waliouza kitu kwa bei ambayo kila mmoja ameona hasara kidogo.

Ile ngazi ndefu ya nyuma ya tangi Dereva alikuja kuichukua, akasema ataitumia gereji. Fundi alimsindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika ncha moja. Madirisha ya juu sana aliacha kuyachukua; mwenye ghorofa kubwa alipomjia, alimpeleka kwa yule fundi wa maneno mengi, akamwonya mapema kuhusu majirani.

Nyumba ya kwanza waliyokwenda na ngazi mpya ilikuwa ya wanandoa wapya, sebule tupu, harufu ya rangi bado. Fundi alibeba jora begani kutoka mlangoni. Binti alibeba ngazi, akaifungua, akaitikisa pande zote, akaangalia mipira ya miguuni, akaitikisa tena.

"Utaichosha kabla sijaipanda," mama akasema.

Akapanda. Kipandio cha kwanza, cha pili. Alisimama juu, akanyoosha mikono kwenye reli, na kulabu zilikuwa mfukoni mwa aproni badala ya mdomoni, kwa hiyo aliongea muda wote: kwamba mpaka rangi huyu hakupiga kona, kwamba marinda yamekuja vizuri, kwamba mwanga wa dirisha hili ni wa asubuhi na bibi harusi atajuta. Binti alikuwa chini, ameinua uso. Kisigino cha mama kilikuwa usawa wa macho yake, ndani ya soksi iliyotoboka kidogo. Mama alipojinyoosha kufikia kulabu ya mwisho, kisigino kile kiliinuka kutoka kwenye kipandio, na mkono wa Binti ukaondoka kwenye ngazi wenyewe, ukakishika.

Juu, kazi ilisimama.

"Shika ngazi, mama," Fundi akasema, bila kutazama chini. "Mguu niachie mimi."

Binti akauachia. Akarudisha mikono yote miwili kwenye miguu ya ngazi, akaikaza. Kisigino kikatulia kidogo, kisha kikainuka tena.